Ndimu, glukosi ya maji au isomalti: kipi kitaiacha pipi yako ibaki kioo?

Pipi ngumu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudi sukari: umeitoa jikoni inang'aa kama chimni ya taa, baada ya wiki unaifungua imekuwa nyeupe pe na inamong'onyoka mdomoni kama chaki. Ya pili ni kulowa: rangi iko palepale, lakini karatasi haibanduki, na pipi kumi zimeshikana zikawa bonge moja. Anayepika mahali pa baridi na pakavu anaweza kumaliza miaka asiione hii ya pili. Sisi wa Tanga, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, tunaiona kabla jua halijazama.

Balaa lenyewe ni kwamba dawa ya ugonjwa wa kwanza mara nyingi ndiyo inayouleta wa pili. Kwa hiyo hapa nalinganisha vitu ambavyo watu huvitia kwenye sukari ili kuiokoa, yaani ndimu, glukosi ya unga na glukosi ya maji, pamoja na vile vinavyochukua nafasi ya sukari kabisa: isomalti, sorbitoli na trehalosi. Silinganishi chapa wala bei, maana bei ni ya duka na siku. Nalinganisha maumbo ya molekuli. Umbo halibadiliki ukihama duka, na ukishalielewa utaweza kukadiria hata kitu ambacho sikukitaja.

Nilifundisha kemia miaka kadhaa kabla sijaanza kupika pipi za tangawizi za kuuza, lakini somo hili sikulipata chuoni. Nililipata kwa shangazi yangu. Siku moja alinikuta nachemsha shira ya kaimati, sukari na maji matupu, akakata ndimu akaikamulia humo bila hata kuniuliza.

"Shangazi, hiyo si itakuwa chachu?"

"Mwanangu, shira bila ndimu hurudi sukari. Kwani huko chuoni mlifundishwa nini?"

Tulifundishwa kwamba tindikali huikata sukrosi, yaani sukari ya mezani, ikawa glukosi na fruktosi. Tuliandika mlinganyo, tukafanya mtihani, tukaenda zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba kila mama anayemimina shira juu ya kaimati ameshaufanya mlinganyo huo sufuriani, wala kwamba ndimu hiyohiyo, ukiihamishia kwenye pipi ngumu, itakugeuka.

Kioo ni nini hasa

Pipi ngumu ni kioo kwa maana kamili ya neno, sawa na cha dirisha. Kimiminika kikipoa taratibu, molekuli zake hupata wasaa wa kujipanga safu kwa safu. Hiyo ni fuwele, na chembe ya sukari iliyo kwenye kijiko chako ni mfano wake. Kikipoa upesi, au molekuli zikiwa na maumbo yasiyopangika, zinaendelea kuwa nzito kusogea mpaka zinakwama palepale zilipo, kila moja imeelekea kwake. Kigumu hicho kisicho na safu ndicho kioo.

Kioo hakina nukta moja ya kuganda kama barafu. Kina ukanda wa joto ambamo mnato hupanda kwa kasi isiyo ya kawaida, na waliobobea wamezoea kuweka alama pale mnato unapofika paskali-sekunde trilioni moja. Maji ya kunywa yana sehemu moja tu ya elfu ya paskali-sekunde. Pale penye alama nitapaita joto la mpito. Chini yake pipi ni kioo. Juu yake ni shira nzito inayojifanya ngumu, na kadiri unavyolipita joto hilo ndivyo inavyochoka kujifanya.

Basi kwa kila kitu unachotaka kukitia sufuriani, uliza mambo mawili. Joto lake la mpito liko juu ya joto la chumba chako kwa kiasi gani? Na molekuli zake zinajipanga safu kwa wepesi gani? Jibu la kwanza linakuambia kama pipi italowa, la pili linakuambia kama itarudi sukari.

| Kitu | Umbo la molekuli | Joto la mpito kikiwa kikavu (nyuzi Selsiasi, takriban) | Kurudi fuwele |
|---|---|---|---|
| Sukrosi, sukari ya mezani | pete mbili zilizofungwa pamoja | 65 | hurudi upesi |
| Glukosi ya unga | pete moja | 35 | hurudi, polepole kuliko sukrosi |
| Fruktosi | pete moja | 5 hadi 15 | kwa shida |
| Glukosi ya maji | pete moja moja, mbili mbili, na minyororo | 80 | hairudi |
| Isomalti | pete moja na mkia ulio wazi | 60 | kwa shida |
| Sorbitoli | mnyororo wa kaboni sita, bila pete | 0 | kwa shida |
| Trehalosi | pete mbili za glukosi | 110 | hurudi ikipata maji |

Utakuta vitabu vinapishana kwa nyuzi tano, hata kumi, kwa sababu kioo kilichopozwa haraka hakilingani kabisa na kilichopozwa taratibu. Mpangilio wa juu na chini, hata hivyo, haubadiliki.

Namba hizo ni za kitu kikavu kabisa, na pipi kavu kabisa haipo. Maji ni molekuli ndogo mno, na joto lake la mpito hutajwa kuwa karibu nyuzi 137 chini ya sifuri. Yakijipenyeza katikati ya molekuli kubwa za sukari hufanya kazi ya grisi. Ukitumia hesabu ya mchanganyiko ambayo Gordon na Taylor waliichapisha mwaka 1952 wakishughulika na mpira wa viwandani, asilimia 3 ya maji huishusha sukrosi kwa nyuzi kama 25: kutoka 65 hadi 40. Chumba changu mchana wa Februari hufika 33. Nafasi iliyobaki ni nyuzi saba, na hewa yenyewe bado inaendelea kuleta maji.

Ndiyo maana joto la kupikia si la kukadiria. Shira inayochemkia nyuzi 125 ina maji kama asilimia 8. Dondosha tone kwenye bilauri ya maji baridi, lichukue kwa vidole: linabonyea, linakuwa gololi ya mpira. Endelea kuchemsha. Mapovu yanakuwa madogo na mazito, yanapasuka kivivu, na harufu inaanza kuelekea karameli. Kwenye nyuzi 150 tone lilelile likigusa maji linatoa mlio mdogo wa kupasuka, unalikunja na linakatika ta! bila kupinda. Maji yaliyobaki humo sasa ni asilimia moja hadi tatu. Ukiepua kwenye 140 kwa kuogopa kuunguza, ulinganisho wote huu hautakufaa kitu. Nunua kipimajoto cha sukari kabla hujanunua isomalti.

Ndimu

Ndimu haiongezi kizuizi kutoka nje. Inakitengeneza kwa kuikata sukari iliyomo. Molekuli ya sukrosi ni pete ya glukosi na pete ya fruktosi zilizoshikana kwa kiungo kimoja, na tindikali ikisaidiwa na moto hukata kiungo hicho. Baada ya hapo sufuriani mna aina tatu za molekuli badala ya moja. Fuwele ni kama ukuta wa matofali ya kipimo kimoja: tofali la kipimo kingine likikaa kwenye kozi, kozi ya juu yake haitulii. Kwa kaimati hakuna dawa bora kuliko hii. Shira ya kaimati haitakiwi kuwa kioo, inatakiwa iteleze.

Kwa pipi ngumu, hesabu inageuka. Kila sukrosi iliyokatwa imezaa vipande viwili vidogo, na kipande kidogo kina mikono michache ya kushikia wenzake, kwa hiyo kinahitaji baridi zaidi ndipo kikwame. Tazama jedwali: kioo cha fruktosi tupu kinalegea hata ukikiweka chumba cha baridi cha Lushoto. Theluthi ya sukari yako ikikatwa, joto la mpito la mchanganyiko linashuka kwa zaidi ya nyuzi 10, na hapo hujaleta maji kwenye hesabu.

Fruktosi ina ila nyingine. Ina kiu. Fuwele zake huanza kuyeyuka zenyewe hewani unyevu ukifika kama asilimia 62, wakati za sukrosi huvumilia mpaka karibu 85. Hii ndiyo sababu bakuli la sukari mezani linakaa kavu mwaka mzima, na pipi ya asali iliyo kando yake inatoa jasho. Asali ni fruktosi na glukosi na maji, sukrosi kidogo sana. Anayetaka kutengeneza pipi ngumu ya asali peke yake pwani ajue anapigana na umbo.

Kilichonifanya niiache ndimu kwenye pipi, hata hivyo, ni kwamba huwezi kuipima. Ndimu hazilingani uchachu. Moto nao haulingani. Mara moja nilipika sufuria mbili kwa kipimo kilekile, mchana mmoja. Ya kwanza ilikaa wiki tatu. Ya pili, mkaa ulikuwa umelegea, ikachukua karibu saa nzima kufika 150, na muda wote huo tindikali ilikuwa inaendelea kukata. Jioni pipi zake zilikuwa zimelala kwenye sinia kama mishumaa iliyoachwa juani.

Glukosi mbili zenye jina moja

Nisomeni vizuri hapa, maana kosa hili limenigharimu pipi mia mbili za harusi. Nilikuwa nimesikia viwanda vya pipi havitumii ndimu, vinatumia glukosi. Nikaenda dukani nikaomba glukosi, nikapewa ya unga, ile ya pakiti wanayokorogewa wagonjwa na wacheza mpira. Nikatia theluthi. Zilitoka safi, zinang'aa. Asubuhi ya harusi nilimpelekea bibi harusi mfuko wenye pipi moja kubwa.

Glukosi ya unga ni pete moja tupu, joto la mpito 35. Kuitia kwenye sukari ni kama kutia ndimu, ila umejikatia mwenyewe kabla ya kupika na umeikwepa fruktosi. Inazuia safu, ndiyo, lakini inalegeza kioo. Glukosi ya maji ni kitu kingine kabisa kinachobeba jina hilohilo.

Inatengenezwa kwa wanga, wa mahindi au wa muhogo. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi mamia kwa maelfu. Kiwandani hukatwa kwa tindikali au vimeng'enya, kisha kazi inasimamishwa katikati. Kinachobaki ni mchanganyiko wa kila urefu: glukosi mojamoja, mbili mbili ambazo huitwa maltosi, tatu tatu, na mikia mirefu ambayo haikufikiwa na makasi. Mikia hiyo ndiyo siri. Molekuli ndefu ina mikono mingi ya hidroksili, yaani oksijeni iliyobeba hidrojeni, kila mkono umeshika jirani kwa kifungo cha hidrojeni, na mwili wenyewe umejipinda katikati ya wengine. Ili mmoja asogee inabidi wengi wamwachie. Kwa hiyo inakwama kwenye joto la juu: maltosi karibu 90, minyororo mirefu zaidi ya 100. Wastani wa glukosi ya maji ya kawaida, ikikaushwa kabisa, ni karibu 80, juu ya sukrosi yenyewe.

Hapa ndipo ndimu na glukosi ya maji zinapoachana. Zote mbili zinavuruga ukuta wa matofali. Ndimu inauvuruga kwa kokoto, glukosi ya maji inauvuruga kwa kamba. Kokoto hubingirika, kamba hufunga. Ndiyo maana pipi ya kiwandani hukaa dukani miezi bila kulowa wala kuwa nyeupe, mradi karatasi yake haijapasuka.

Ina kasoro zake. Ni nzito kama gundi na inapima kwa tabu: lowesha kijiko kwanza, au pima kwa uzito ukiiweka moja kwa moja sufuriani. Haina utamu wa kutosha, kwa hiyo pipi yenye glukosi ya maji nyingi mno inakuwa na ladha bapa na inatafunika kama plastiki. Sehemu saba za sukari kwa sehemu tatu za glukosi ya maji ni pa kuanzia pazuri. Nikipika kwa ajili ya masika naenda hadi sita kwa nne.

Tutoke jikoni kidogo

Tofauti ya kioo cha sukari na cha dirisha inafaa kuijua, kwa sababu inaeleza kwa nini pipi haikupi onyo. Austen Angell, mkemia aliyefanya kazi Arizona, katika miaka ya 1980 aligawa vimiminika vya kioo katika imara na dhaifu, na hakuwa anasema juu ya kuvunjika. Alikuwa anatazama mnato unavyoporomoka joto likipanda. Kwenye silika, mama wa kioo cha dirisha, kila atomi ya silikoni imefungwa kwa oksijeni nne, kila oksijeni inaunganisha silikoni mbili, na wavu huo unaendelea pande zote. Karibu na joto lake la mpito, ambalo ni kama nyuzi 1,200, unahitaji kupanda nyuzi sabini hivi ndipo mnato upungue mara kumi. Huo ni uimara. Molekuli za sukari hazina wavu wa kudumu. Zinashikana kwa vifungo vya hidrojeni na kwa kubanana tu, na nyuzi nne au tano zinatosha kuupunguza mnato mara kumi. Kwa hiyo pipi iliyopita joto lake la mpito kwa nyuzi kumi si kwamba imelegea kidogo. Imelegea mara mia.

Mfano mzuri kuliko yote wa umbo tupu, bila sukari wala vifungo vya hidrojeni, ni terifenili: pete tatu za benzeni zilizounganishwa. Zipange katika mstari mmoja, upate paraterifenili. Inajipanga safu bila kusita na haiyeyuki mpaka nyuzi 213. Chukua pete zilezile tatu, atomi zilezile, ila pete mbili za pembeni ziwekwe jirani ili molekuli ipinde kama kiwiko. Hiyo ni othoterifenili. Inayeyuka kwenye nyuzi 56, na ukiipoza inashindwa kujipanga, inaendelea kuwa nzito mpaka kwenye nyuzi 27 chini ya sifuri inakuwa kioo safi. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa isipokuwa pembe.

Wenyeji wa pwani tulishika kioo cha namna hii zamani bila kukiita hivyo. Sandarusi, utomvu wa msandarusi uliosafirishwa sana kutoka Zanzibar karne ya 19 kwa ajili ya vanishi, hauna safu yoyote ndani yake. Molekuli zake ni kubwa na nyingi zimeungana, na hazina mikono mingi ya hidroksili ya kuita maji kama sukari. Masika yakija, sandarusi haitoi jasho.

Zisizo sukari: isomalti, sorbitoli, trehalosi

Sorbitoli naimaliza upesi. Ni mnyororo wa kaboni sita usio na pete, unajikunja ovyo, joto la mpito liko kwenye sifuri au chini kidogo. Kama kioo cha pwani haifai. Inafaa pale unapotaka kitu kisikauke, kwa mfano keki. Lakini ina ndugu anayestahili kutajwa, manitoli. Ni atomi zilezile kwa mpangilio uleule, ila kundi moja la hidroksili limeelekea upande wa pili. Kwa kugeuka huko kumoja tu, manitoli hujipanga fuwele mara moja, huyeyuka kwenye nyuzi 166 hivi wakati sorbitoli huyeyuka karibu na 100, na haivuti maji. Ndiyo unga ule mweupe unaopakwa juu ya bazoka isishike karatasi. Ukiupata, usiupikie pipi. Zinyunyizie pipi zako ulizopika kwa kitu kingine.

Isomalti inatengenezwa kwa kuanzia na sukari ya kawaida. Pete ya fruktosi inafunguliwa ikawa mkia, nusu mkia wa sorbitoli na nusu wa manitoli, huku glukosi ikibaki upande wa pili. Ukisoma ulinganisho huu kwa makini utaona ujanja uko wapi. Molekuli imebaki kubwa, kwa hiyo joto la mpito liko karibu na la sukrosi. Ni aina mbili zilizochanganyika, kwa hiyo safu hazipangiki kwa urahisi. Kiungo chake hakikatwi na ndimu kama cha sukrosi, kwa hiyo hakuna fruktosi yenye kiu inayozaliwa sufuriani. Haibadiliki rangi upesi pia, na wapambaji wa keki wanaipenda kwa sababu wanaweza kuiyeyusha tena na tena ikabaki nyeupe kama maji. Kwa kudumu katika unyevu, katika jiko langu imeishinda hata glukosi ya maji.

Kwa nini basi siitumii kila siku? Utamu wake ni kama nusu ya sukari. Mtoto akila nyingi tumbo linaharisha, na mteja wangu mkubwa ni mtoto. Tena mara nyingi huagizwa kutoka nje. Kwa pambo la keki la harusi ya ufukweni, chukua isomalti bila kufikiri mara mbili. Kwa pipi ya shilingi mia, sahau.

Trehalosi inavutia kuliko inavyofaa. Pete mbili za glukosi zilizounganishwa kwenye vichwa vyao, joto la mpito karibu 110, juu kuliko sukari zote za pete mbili ninazozijua. Hamira inaitengeneza ndani ya seli zake inapokaushwa. Protini zinakwama ndani ya kioo hicho zisiharibike, kisha maji yakirudi zinaamka. Watengenezaji wa dawa zinazokaushwa kwa kugandishwa huitumia, pamoja na sukrosi, kwa sababu hiyohiyo. Lakini ina tabia moja mbaya jikoni: ikipata maji kidogo inayachukua molekuli mbili mbili na kujipanga fuwele nayo. Kioo chake kiko juu na bado kinaweza kurudi sukari. Ndiyo maana nilisema maswali ni mawili. Anayetazama namba ya joto peke yake angeichagua trehalosi na kujuta.

Mimi ningechagua nini

Shira ya kaimati au tambi: ndimu, mwisho wa habari.

Kashata ya nazi: usitie chochote. Kashata ya nazi nzuri imerudi sukari kwa makusudi, kwa kukorogwa ikiwa bado moto, na ule ulaini wake wa kumong'onyoka ni fuwele ndogondogo. Ukiweka glukosi ya maji utapata nazi iliyonaswa ndani ya kioo. Kashata ya njugu ile ya rangi ya dhahabu ni jambo jingine. Pale sukari inayeyushwa kavu, na moto wenyewe unaikata na kuiunguza kiasi cha kutosha kuivuruga. Ila iwekwe ndani ya chombo chenye mfuniko ikiwa bado na vuguvugu.

Pipi ngumu na lolipopu za kuuza pwani: glukosi ya maji, theluthi au zaidi kidogo, 150 kamili, na karatasi mara tu zinapopoa. Ukikosa glukosi ya maji, na ukawa mahali pakavu kama Dodoma wakati wa kiangazi, ndimu chache itakuvusha. Ukiikosa na uko Pemba mwezi wa nne, pika halua.

Shangazi alipoonja pipi zangu za glukosi ya maji alizungusha moja mdomoni akanyamaza kitambo, kisha akasema ni nzuri ila haina ndimu. Kwake tangawizi bila ndimu haijakamilika. Siku hizi namwekea. Naepua sufuria, nasubiri mapovu yatulie na kipimajoto kishuke kuelekea 120, ndipo natia asidi ya sitriki ya unga, nusu kijiko cha chai kwa kilo, na ganda la ndimu lililokwaruzwa. Maji yamebaki kidogo mno na moto umeisha, kwa hiyo tindikali inabaki kuwa ladha tu, haipati muda wa kukata. Yeye anaamini ni ndimu ndiyo inayozifanya zisirudi sukari.